Taarifa ya Mwenyekiti: Meno Yamekaa Sawa, Je, Mtoto Anatafuna?

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Itoshe kusema ada zimechelewa kama kawaida yetu. Mimi nabaki na jambo lililotushughulisha mwaka mzima: watoto ambao magego yao ya juu, hasa ya upande mmoja, hufunga ndani ya yale ya chini.

Wengi wao taya la juu ni jembamba. Wakifunga mdomo magego hugongana ncha kwa ncha, basi taya la chini huteleza pembeni kutafuta pa kukaa, na kidevu hufuata. Misuli ya kutafunia ya kulia na kushoto haivuti sawa, nguvu ya kung'ata huwa pungufu kuliko ya wenzao, na wakitafunia upande huo taya mara nyingi hufunga kwa mzunguko wa kinyume. Haya tunayajua. Tulilolipuuza ni la katikati ya matibabu.

Tunapanua kaakaa kwa kifaa chenye skrubu, skrubu inasogea robo milimita kila ikizungushwa, magego ya juu yanavuka kwenda nje ya yale ya chini, tunapiga picha na kumpongeza mtoto. Kumbe nguvu yake ya kung'ata huenda imeshuka chini ya ile aliyokuja nayo: meno yanauma yakibanwa, na sehemu zinazogusana juu na chini zimepungua. Kwenye mafunzo yetu, mwenzetu mmoja alisimulia alivyomwonyesha mama meno ya bintiye wa miaka 8 kwa fahari. Mama akamjibu, "Daktari, yamependeza, ila tufaha bado namkatia vipande." Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka, maana nina wangu niliowaaga mapema vilevile.

Nguvu hurudi, kwa kawaida katika miezi ya kuyashikilia meno yasirudi nyuma. Ndiyo maana tumekubaliana kupima mara tatu: kabla, meno yakishavuka, na baada ya kipindi hicho. Tunapima kwenye magego ya kwanza ya kudumu, kulia na kushoto, na kuhesabu alama zinazoachwa kwenye meno na karatasi ya rangi anayoing'ata mtoto. Tusijisifu mno namba zikipanda, kwani nguvu ya kung'ata huongezeka mtoto anavyokua, hata asipotibiwa.

Kipimo cha chama cha nguvu ya kung'ata ni kimoja tu. Aliyekaa nacho tangu mwezi wa sita anajijua. Akirudishe kabla ya kikao kijacho.

Mwenyekiti