Nyangumi na krili: barua kutoka Kibirizi

Kibirizi,
Kigoma.

Mpendwa Dada Mwajuma,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi sote tu wazima, na ninatumaini kuwa nanyi huko Tabora hamjambo.

Katika barua yako uliuliza iwapo krili wa baharini wangeongezeka kama nyangumi wanaowala wangetoweka. Nimelifikiria sana swali hilo, hasa ninapowatazama akina mama wa mwaloni wakianika dagaa, maana dagaa nao, pamoja na udogo wao, ndio wanaowalisha migebuka na sisi wenyewe.

Krili ni jamaa ya kamba. Yule wa Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, hufikia urefu wa sentimita 6 na uzito wa gramu 2 hivi, na ngozi yake ni angavu kiasi kwamba ukijani wa mwani alioula huonekana tumboni. Nyangumi wa buluu hugubia maji pamoja na kundi zima la krili, kisha huyasukuma maji nje kupitia mabamba yenye nyuzi yaliyomo kinywani, akabaki na chakula chake, ambacho kwa siku hufikia tani kadhaa.

Katika karne ya 20 wawindaji waliua nyangumi zaidi ya milioni 2 kusini mwa dunia. Ingetazamiwa krili wafurike, lakini katika Atlantiki ya kusini-magharibi wamepungua tangu miaka ya 1970. Kupungua kwa barafu kumechangia, kwa kuwa krili wachanga hula mwani unaoota chini yake wakati wa baridi. Hata hivyo wapo wanasayansi, akiwemo Victor Smetacek, wanaotaja pia kinyesi cha nyangumi, na hoja yao inaniridhisha. Maji yale yana naitrojeni tele, ila madini ya chuma ni haba mno, na bila chuma mwani haustawi. Nyangumi hula krili wenye chuma, hutumia kidogo, na kingine hukitoa karibu na uso wa maji katika kinyesi ambacho chuma chake huzidi kile cha maji ya bahari kwa takriban mara milioni 10. Mwani huota, krili wakala.

Uwindaji wa biashara ulisimamishwa kuanzia mwaka 1986, na nyangumi wenye nundu wameongezeka sana. Sasa zipo meli zinazovua krili kule kule wanakolisha nyangumi, na jambo hilo linanitia wasiwasi mkubwa. Naomba uwasomee wanafunzi wako sehemu hii, kisha uniandikie maswali yao.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako akupendaye,
Zainabu