Salamu za Noeli kutoka Malindi

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu, jamaa na marafiki, mlio karibu na mlio mbali, hamjambo?

Kaskazi imeshika. Embe zimeiva hadi zinadondoka usiku juu ya mabati, na asubuhi watoto wanagombania zile ambazo popo hawakuzionja. Mji umeanza kujaa wageni, na ukishuka njia ya baharini utawasikia vijana wetu wakisema "ciao" kabla hawajasema jambo. Kwetu sisi tuliozaliwa hapa, hizo ndizo dalili za Desemba.

Huwa nawatumia salamu fupi. Za mwaka huu zimerefuka, mniwie radhi. Juzi tulikuwa kanisani tunatengeneza pango la Noeli, mimi na kitinda mimba wangu, naye akaniuliza: "Mama, hawa Waitaliano walituletea nini zaidi ya hoteli?" Nilianza kumjibu pale pale, na mpaka tunafika nyumbani jibu halijaisha.

Nilianza na hilo pango lenyewe. Letu tunalijenga kwa makuti na mchanga wa pwani, na kondoo wake ni wa udongo wa kufinyanga. Aliyeanza jambo hili ni Fransisko wa Asizi. Usiku wa Noeli wa mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, aliweka hori na nyasi kavu, akaleta ng'ombe na punda wazima, ili watu waone kwa macho yao jinsi mtoto yule alivyolazwa pasipo na kitanda. Imepita miaka zaidi ya 800, na mwanangu bado anabishana nami punda akae upande gani.

Kisha nikamwambia habari za babu yake na tambi. Baba alikuwa mpishi wa hoteli, na aliyemfundisha jiko alikuwa bwana mmoja Mwitaliano, mkali wa sauti, laini wa moyo. Nyumbani kwetu tambi zilikuwa chakula cha sukari: unazikaanga mpaka zipate rangi, unamwagia tui, unatia iliki, na zabibu kavu zikiwepo. Noeli moja, nina miaka kama minane, baba alirudi na pakiti ya tambi ndefu. Akabandika sufuria ya sima, akachemsha maji, akatia chumvi. Bibi akasimama mlangoni akimwambia asiharibu chakula cha watu. Baba akakaanga kitunguu saumu nyumba nzima ikanukia, akaponda nyanya kwa mkono, kisha akatoka uani akachuma majani ya mrehani. Hapo bibi akashika kichwa. Mrehani ni wa nywele na nguo, tangu lini ukaliwa? Baba akampakulia kidogo. Bibi akaonja, akanyamaza, akaisogeza sahani mbele aongezwe. Tangu mwaka ule, Noeli kwetu ni sufuria mbili: moja ya sukari, moja ya nyanya.

Lakini anayenijia sana msimu huu ni Sista Irene Stefani. Sista aliyetufundisha katekisimu alikuwa na picha yake ndogo ndani ya kitabu cha sala, imelika kingo kwa kushikwashikwa. Irene alizaliwa mwaka 1891 huko Anfo, jimbo la Brescia, akaja Kenya mwaka 1915 na masista wa Konsolata. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshafika Afrika Mashariki. Wanaume wetu walikuwa wakichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi, wengi wakifa kwa njaa, malaria na kuhara damu. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam limebaki na jina la kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps kwa Kiingereza. Irene alipelekwa kuwauguza, kwanza Voi, kisha ng'ambo ya mpaka: Kilwa, Lindi, Dar es Salaam. Aliwaosha vidonda watu ambao hata majina yao hayakuandikwa vizuri.

Katika ukoo wetu yuko mmoja aliyechukuliwa upagazi na hakurudi. Kaburi lake hatulijui. Bibi alikuwa akimtaja kila Noeli kabla hatujala, jina lake tu, kisha kimya. Natamani sana iwe kweli kwamba yule sista alipita kitandani pake.

Vita vilipokwisha Irene alifanya kazi Gikondi, Nyeri, akifundisha na kuzungukia wagonjwa kwa miguu. Wakikuyu wakampa jina la Nyaatha, mama mwenye huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39, baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri, hatua ya kuelekea kuitwa Mtakatifu, na sherehe ilifanyika Nyeri, kwa watu waliompa jina.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mgeni akipewa jina na mwenyeji, huyo ameshakuwa wa nyumbani.

Kuna na jina lililokwenda upande mwingine. Ngomeni, kwa babu yangu mvuvi, ukisimama ufukweni unaona majukwaa ya chuma ya kurushia roketi yamesimama baharini. Ni kazi ya Profesa Luigi Broglio wa Roma. Aliona kwamba karibu na ikweta dunia yenyewe huisaidia roketi kwa mzunguko wake, na bahari iliyo wazi upande wa mashariki ni salama kurushia. Kituo kile leo kinaitwa kwa jina lake. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa pale setilaiti ya Marekani ya kupima eksirei kutoka angani. Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi huo, akaipa jina la Uhuru kwa kuwashukuru wenyeji. Baba alikuwa kijana mdogo. Anasema ardhi ilinguruma na kuku wakakimbilia uvunguni.

Mwanasayansi aliyeongoza utafiti wake alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani mwaka 1956. Uhuru ilionyesha vyanzo zaidi ya 300 vya eksirei mbinguni, na vipimo vyake vilisaidia watu kusadiki kwamba mashimo meusi, yale ya angani yenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, yapo kweli. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Neno letu limo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote, na lilitoka Ngomeni. Nilipomwambia mwanangu hivyo aliacha kutembea, akatazama juu.

Wanaosafiri kwenda bara sikukuu hii, mkiteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, tazameni kanisa dogo la mawe kando ya barabara. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano walilijenga mwaka 1942, wakati wakitengeneza barabara hiyo. Nilipokuwa nikisoma Nakuru niliingia mara moja kujikinga mvua, nikakaa nusu saa, basi likaniacha. Waliombea watoto wao pale, wakiwa hawajui watawaona lini. Na mwaka huu mlio mbali na watoto wenu, Ghuba, Ulaya au popote kazi ilikowapeleka, ninawaza ninyi kwa namna hiyo hiyo.

Baba sasa mikono inamtetemeka, kisu hashiki. Mwaka huu nitaponda nyanya mimi, yeye atakaa kwenye kigoda akinielekeza. Mrehani umestawi mlangoni. Atakayepita Malindi tarehe 25 asiulize njia, afuate harufu ya kitunguu saumu. Sahani ziko, na sufuria ni mbili.

Heri ya Noeli, na mwaka mpya uwakute wazima.