Zege linahitaji maji, si haraka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa usalama wa majengo, ambao huibuka kila ghorofa linapoanguka, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwezi Machi 2013 na Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, kisha hufifia. Tunazungumza sana kuhusu vibali. Mimi nataka kuzungumzia maji.

Zege halikauki kama nguo kwenye kamba, bali hukomaa kwa saruji kuungana na maji, na nguvu zake kwa kawaida hupimwa likitimiza siku 28. Ndiyo maana hutakiwa limwagiliwe kwa siku zisizopungua 7. Jirani yangu alipomwaga slabu mwaka jana, vibarua waliongeza ndoo za maji kwenye mchanganyiko ili kazi iishe kabla ya magharibi, ingawa maji ya ziada wakati wa kuchanganya hudhoofisha zege, na kufikia siku ya tatu hakuna aliyerudi kumwagilia. Leo ukipitisha kidole ukingoni, vumbi linatoka. (Jirani husema maji ya boza ni ghali, ingawa kwa hesabu yangu hayakaribii bei ya geti alilofunga.)

Napendekeza halmashauri ziwatake wajenzi waweke daftari la zege, likionyesha tarehe ya kumwaga na siku za kumwagilia, na mkaguzi alione kabla mirunda inayoshikilia slabu haijaondolewa. Mwenye nyumba naye asimsubiri mkaguzi: afunike slabu kwa magunia yaliyolowa na amwagilie siku 14, hata kama fundi anamwambia 7 zinatosha.

Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam