Shoo zilizosikika Mtwara mwaka huu

Ndugu Mhariri,

Mabishano ya kufunga mwaka yameshaanza vijiweni: shoo ipi ilitia fora mkoani kwetu? Wengi wanazitaja zile za uwanja wa Nangwanda Sijaona, zilizoleta majina makubwa kutoka Dar es Salaam. Naomba nafasi nipingane nao. Kura yangu ya kwanza inakwenda kwa bendi ya dansi iliyopiga ukumbini Shangani, ya pili kwa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ya Newala. Zote mbili zilikuwa na watu wa kuhesabika, na zote mbili zilisikika.

Pale Shangani fundi mitambo aliijua kazi yake. Spika kubwa alizisogeza hatua mbili mbele ya mstari wa maiki, ili sauti isirudi maikini na kuzaa ule mluzi unaotoboa masikio. Monita, yaani spika za wanamuziki kujisikia jukwaani, alizielekeza kwenye mgongo wa maiki, kwa kuwa maiki nyingi za kuimbia hazisikii vizuri upande huo. Kwenye maiki za waimbaji akakata sauti zote nzito, za chini ya hezi 100, besi na drams zikabaki na nafasi yake.

Ukumbi wenyewe ni bati juu na saruji pembeni, adui mkubwa wa muziki. Ukuta wa nyuma ulitundikwa mapazia mazito, sauti ikapunguzwa badala ya kuongezwa, na solo, ridhimu na besi zikasikika kila moja kivyake. Hata mpiga tumba alipobadili mkono ulijua. Baadaye singeli ikapigwa humo humo, mapazia yameshaondolewa, ikawa uji. Singeli ina mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, yaani pigo moja halifiki theluthi ya sekunde, na mwangwi wa ukumbi wa namna ile hukaa zaidi ya sekunde nzima. Pigo la kwanza halijafa, la nne limeshaingia. Hapo DJ akipandisha sauti anapandisha mwangwi tu.

Mapiko yana mambo yake. Kabla ya kila awamu wapigaji walizipasha ngoma moto wa majani makavu, maana ngozi hulegea kwa unyevu wa usiku, na zile ngoma ndogo zenye mguu wa kuchomekwa ardhini ndizo hupoteza mlio kwanza. Muda huo si uzembe, na mshereheshaji asiujaze kwa disko. Maiki zilikuwa mbili tu, zimening'inizwa juu ya ngoma kwa kimo cha mtu. Inatosha, kila maiki unayoiongeza inausogeza mluzi karibu. Kubwa zaidi, spika zilikuwa ndogo na zilitazama pande zote. Mapiko hutazamwa kwa duara. Ukiweka spika kubwa upande mmoja, watu wote huhamia zinakotazama, na lipiko, yule mchezaji wa kinyago, anabaki kucheza na migongo. Wanaolijua tamasha la ngoma za asili la MaKuYa, lililochukua jina lake kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, watanielewa.

Taarabu ya Mikindani ningeiweka ya tatu kama njia ya kupanda jukwaani kutuza isingepita juu ya nyaya. Mama mmoja, noti mkononi, alikanyaga waya wa kinanda, ukachomoka, na wimbo ukakatika pale pale ulipokolea. Watu watuze, ndiyo raha ya taarabu, lakini ngazi iwe upande usio na nyaya, na nyaya zenyewe zibandikwe kwa tepu pana.

Sasa hizo za viwanjani. Tatizo la kwanza ni umeme. Waya wa milimita 1.5 za mraba ukivutwa mita 50 kutoka kwenye jenereta na kubeba ampea 16 hupoteza karibu volti 20 kati ya 230. Wa milimita 4 hupoteza saba na kitu. Ndiyo maana kila sabufa ikigonga taa zinasinzia, na amplifaya ikichoka inazima kabisa. Taa zipewe fezi yake, yaani njia yake ya umeme, na mitambo fezi yake. La pili ni watu wa nyuma. Kwenye joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, hivyo spika za nyongeza zilizo mita 35 kutoka jukwaani zicheleweshwe milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde, la sivyo wanaosimama huko wanasikia kila neno mara mbili.

Wasanii nao wana lao. Ukikumbatia kichwa cha maiki kwa viganja, unaziba matundu ya nyuma yanayoifanya ibague sauti. Inaanza kusikia kila upande, spika zikiwemo. Mluzi ukitoka, fundi ndiye anayetukanwa. Na anayeimba juu ya wimbo wenye sauti yake ya studio asituuzie kiingilio cha shoo ya laivu. Aje na biti tupu.

Mapromota hupenda Oktoba hadi Desemba, pesa za korosho zikiwa mikononi. Sawa, lakini mvua za kwanza nazo huanza kati ya Novemba na Desemba, kwa hiyo miksa, mtambo wa kuchanganyia sauti, ikae mezani chini ya turubai lenye kuta. Kupima sauti kuanze saa nane mchana. Bendi ya watu kumi inahitaji muda wa saa mbili. Muda ukibana, anza na waimbaji, kisha besi na drams, magitaa yafuate.

Mkataba wa msanii husainiwa mapema, fundi mitambo hupigiwa simu siku moja kabla. Mwakani jina lake liwekwe kwenye bango, chini ya la msanii, na saa ya kupima sauti iandikwe kwenye mkataba ule ule.

Shabiki wa muziki,
Chikongola, Mtwara