Barua kwa mabinti wanaoimba soul hapa Tanga: mkataba hausainiwi juu ya boneti

Wanangu,

Jumapili nilipanda bajaji kutoka Makorora, dereva kafungua wimbo. Sauti niliijua kabla ya kiitikio. Nikamuuliza, "Huyu nani anaimba?" Akanitajia prodyuza. Binti mwenyewe, niliyemfundisha kuvuta pumzi hapa barazani kwangu, asubuhi ile alikuwa amekuja kuniazima elfu tano ya gesi.

Nilipomuuliza mkataba unasemaje, akajibu, "Bibi, nilisaini juu ya boneti la gari. Alikuwa anawahi Dar."

Juu ya boneti! Kuku wa Soko la Mgandini humnunui bila kumpapasa kifua, sauti yako unaitoa mtu kawasha gari?

Nasema hivi kwa sababu mimi nimeliwa kabla yenu. Mwaka 1983 nilikuwa mwimbaji wa kikundi cha taarabu hapa mjini. Mwenye duka la kanda akatuingiza chumba cha nyuma, magodoro yameegemezwa ukutani, tukaimba tangu Isha mpaka alfajiri. Akanipa doti ya kanga na nauli, nami nikamwombea dua. Siku moja nikiwa kwenye basi la Korogwe, tumefika Muheza, dereva akatia kanda: mimi huyo! Abiria wanaitikia, wengine wanapiga makofi. Nimelipa nauli kwenda kusikiliza koo langu mwenyewe. Nilipomwendea yule bwana, hakubisha wala hakukasirika. Aliniuliza tu, "Karatasi yako iko wapi?"

Sasa nyinyi karatasi mnazo, ila zimeandikwa na mwenzenu peke yake.

Na hapa nawageukia wazazi. Binti akiposwa, mnaleta mshenga, walii, mashahidi wawili, mahari inajadiliwa mpaka chai inapoa. Akiitwa studio kusaini miaka mitano ya maisha yake, anakwenda peke yake saa nne usiku, kwa sababu nyumbani mmesema muziki ni uhuni. Halafu siku ya harusi ya mpwa wenu mnamsimamisha aimbe bure, mnamtunza noti ya elfu mbili mkipigwa picha. Uhuni uko wapi hapo? Msindikizeni. Kaeni pale kwenye kochi la studio, hata kama mnasinzia.

Wala msidhani huko Marekani, soul ilikotoka kwa watu weusi, watu walikuwa wajanja zaidi. Mimi niliijua kwa santuri alizokuwa akileta kaka yangu wa bandarini, miaka ileile ilipopigwa marufuku Dar es Salaam, 1969. Lebo, yaani kampuni ya rekodi, ya Stax ya Memphis, iliyokuwa na mwimbaji Otis Redding: mwenye lebo, Jim Stewart, alisaini mkataba mwaka 1965 na Atlantic, kampuni kubwa iliyowasambazia nyimbo, bila kuusoma. Walipotaka kuachana, mwaka 1968, akakuta masta, yaani rekodi mama za nyimbo walizokuwa wakisambaziwa, si zake tena. Huyo ni tajiri mwenye studio. Naye mwimbaji Bettye LaVette alirekodi albamu nzima kwenye mji wa Muscle Shoals, hukohuko Marekani, mwaka 1972, kampuni ikaiweka kabatini. Ilikuja kutolewa huko Ufaransa mwaka 2000. Hesabuni wenyewe: miaka 28 sauti imekaa gizani, na mwenye sauti yuko hai, anaimba kwenye vilabu.

Sisemi prodyuza wa mtaani ni adui. Vijana wengine wanarekodi kwenye chumba chenye trei za mayai ukutani, na wana masikio kuliko hao wenye studio za vioo. Mwimbaji wa soul wa Marekani, Sharon Jones, aliwahi kuwa askari wa gereza, akaambiwa hafai kwa sura na umri, na ni lebo ndogo ya Brooklyn, New York, iitwayo Daptone, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 2002 akiwa na miaka 46. Mdogo mwenye nia ni bora. Ila mdogo naye aandike.

Mengine nayapitia mbio. Asilimia zijulikane kabla hujavaa hedifoni. Majina yenu ya kitambulisho yawemo, si ya jukwaani tu. Nywila ya chaneli uwe nayo. Mashairi yasajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo wajukuu wako nao wamo katika saini ile. Nakala ya mkataba ikae kwa mama, si kwenye simu inayoibwa. Maji ya baridi acheni.

Mimi nipo Ngamiani, kila siku baada ya Alasiri isipokuwa Alhamisi. Mwenye karatasi aje nayo kabla hajaigusa kalamu. Miwani ninayo, na jirani yangu ni karani mstaafu wa mahakama. Na wewe wa Makorora, njoo hata kama umeshasaini. Ile elfu tano usiirudishe.

Bibi yenu