Athens bila miungu na makaburi ni hadithi nusu

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu demokrasia ya Athens ya zamani nikaona siwezi kukaa kimya. Mwandishi kajitahidi kwenye kura, mikutano na hotuba za viongozi kama akina Pericles, ila dini kaipa sentensi moja tu, kwamba Wagiriki walikuwa na miungu mingi, basi, akaendelea na mambo mengine. Kijana wa fomu sita akisoma vile ataamini Athens ilikuwa nchi kama za leo, yenye katiba na bunge na dini imekaa pembeni kila mtu na imani yake, wakati haikuwa hivyo hata kidogo.

Chukueni kisa cha Arginusae, mwaka 406 KK. Meli za Athens ziliwapiga Wasparta, maadui wao vitani, karibu na kisiwa cha Lesbos, ushindi mkubwa kweli, lakini meli 25 za Athens zikapotea na dhoruba ikazuia watu wasiokolewe wala maiti zisichukuliwe baharini. Majenerali waliporudi nyumbani wakakuta mashtaka badala ya pongezi. Wawili walishaona hatari wakaingia mitini, sita waliorudi wakahukumiwa kwa mkupuo, kura moja kwa wote, wakauawa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa Pericles huyo huyo mnayemsifia. Wanahistoria wa kale wanatofautiana hapa: Xenophon anakazia zaidi wale waliokuwa bado hai wanaelea kwenye mabaki ya meli, Diodorus yeye anakazia maiti zilizoachwa bila kuzikwa, na kwa Mgiriki wa wakati ule kumwacha maiti bila kaburi lilikuwa jambo zito mno maana roho yake haipati pa kutulia. Halafu angalieni hasira ilipandia wapi: kwenye Apatouria, sikukuu ya koo ambapo baba anampeleka mwanae atambulike na ukoo, watu wakajitokeza wamenyoa vichwa na kuvaa nguo nyeusi za msiba. Xenophon anadai wengine walipangwa tu na akina Theramenes, mwanasiasa wa Athens, wajifanye ndugu wa marehemu, sawa, lakini hata kama walipangwa, aliyewapanga alijua vizuri nini kitawagusa watu wa mji ule. Sasa kisa kama hicho utakieleza vipi kwa kuongelea kura peke yake?

Kuna mwanahistoria Mfaransa, Fustel de Coulanges, ambaye mwaka 1864 akiwa anafundisha Strasbourg alitoa kitabu La Cité antique kuhusu jambo hili hili. Hoja yake ni kwamba ukitaka kuelewa sheria na siasa za Wagiriki na Warumi anzia nyumbani, kwenye moto wa familia usiotakiwa kuzimika, kwenye kaburi la babu linalopelekewa chakula na kinywaji, kwenye mpaka wa shamba ambao nao ulikuwa na mungu wake. Baba ndiye kuhani wa nyumba, binti akiolewa anaacha moto wa kwao anahamia moto wa mume. Familia zikaungana zikawa koo, koo zikaungana zikawa mji, na mji nao ukawa na moto wake wa pamoja. Sisi tuliokulia kwenye boma lenye makaburi ya wazee nyuma ya migomba hilo halituchukui muda mrefu kulielewa.

Na ushahidi mwingine umekuja Fustel akiwa ameshakufa. Alifariki 1889, na mwaka 1891 yakachapishwa maandishi ya mafunjo kutoka Misri yanayoeleza utawala wa Athens, yale yanayohusishwa na mwanafalsafa Aristotle. Mle ndani kuna maswali anayoulizwa mtu aliyechaguliwa kuwa archon, yaani mmoja wa maofisa wakuu wa mji, kabla hajaapishwa: baba yako nani, wa mtaa gani, mama yako nani, una Apollo wa mababu na Zeus wa uani na madhabahu yao yako wapi, makaburi ya familia yako yako wapi, wazazi wako unawatunza, kodi unalipa, vitani umeenda? Yaani kaburi na kodi kwenye usaili mmoja, na mashahidi wanaitwa kuthibitisha!

Sisemi Fustel ni msahafu. Aling'ang'ania chanzo kimoja kieleze kila kitu, hata umiliki wa ardhi akautoa kwenye kaburi, watumwa na biashara akavipitia juu juu, na mwaka 1980 mwanahistoria Sally Humphreys alipochunguza makaburi ya Athens alionyesha kwamba yale ya ukoo yenye vizazi vingi hayakuwa ya kawaida kama Fustel alivyodhani. Hayo ni makosa makubwa na inabidi yasemwe. Lakini onyo lake kwa Wafaransa wenzake, kwamba tuache kuwasoma watu wa kale kana kwamba ni sisi tumevaa mashuka, mimi naona bado lina nguvu. Wafaransa walishafanya mapinduzi wakiwaiga Warumi na Wasparta bila kujua kwamba uhuru wa wale watu ulikuwa wa mji, mtu mmoja mmoja hakuwa na pa kujificha mji ukimtaka, mwili wake, mali yake mpaka imani yake.

Ndiyo maana mwanafalsafa Socrates nae mmemweka nusu. Mmesema aliuawa kwa sababu ya mawazo yake. Shtaka la 399 KK lilisema haitambui miungu inayotambuliwa na mji, analeta mambo mapya ya kimungu na anapotosha vijana. Lilikuwa kosa dhidi ya mji, hakuna aliyeona ajabu mahakama ya wananchi kusikiliza kesi ya namna hiyo. Na ni Socrates huyo huyo aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wa mkutano wa 406, akakataa katakata kesi ya majenerali ipigiwe kura kwa mkupuo kwa sababu ilikuwa kinyume cha sheria. Makala yenu haikumtaja kabisa kwenye hilo.

Mmeahidi sehemu ya pili. Naomba mwandishi aanze na Arginusae, aweke na yale maswali ya archon yote bila kukata, halafu atueleze wanawake, watumwa na wageni walikuwa wapi kwenye ibada za mji, maana kura hawakuwa nayo lakini baadhi ya sikukuu walishiriki, na kuhani wa Athena, mungu mlinzi wa mji, pale juu Acropolis, kilima cha mahekalu, alikuwa mwanamke.

Msomaji wenu,
Moshi