Baba yako hanywi kahawa

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, mvua zimepungua, na goti la baba yako linaendelea vizuri. Najua ungependa nikupigie simu, lakini haya nikiyasema kwenye simu atayasikia kutoka uani, kisha atanuna mpaka magharibi. Kwa hiyo naandika.

Uliniambia umeumia. Umehangaika mpaka ukafungua mkahawa wako hapo Arusha, baba yako amekuja kuuona kwa mara ya kwanza, umemtengenezea kikombe kwa mikono yako, umemchorea na jani juu ya povu la maziwa, naye akakisogeza pembeni akaomba maji. Ukasema, "Mama, baba anaionea haya kazi yangu." Sivyo, mwanangu. Umezaliwa umemkuta mtu wa chai ukadhani ndivyo alivyo tangu zamani. Kumbe baba yako alikunywa kahawa miaka mitatu, na kila kikombe kilikuwa adhabu.

Mwaka 1988 babu yako, baba yangu mimi, alikuwa bado anauza kahawa Ngamiani, hapa hapa Tanga. Wewe ulimkuta mzee wa kukaa kwenye mkeka; mimi nilimjua akitoka baada ya alasiri, dele, lile birika lake la kahawa, mkono mmoja, ndoo ya vikombe mkono wa pili, anavigonganisha vile vikombe unamsikia mtaa mzima kabla hujamwona. Kituo chake kilikuwa baraza ya fundi cherehani mmoja. Ule ndio mwaka Coastal Union, timu ya mpira ya hapa Tanga, walichukua ubingwa wa Bara, na pale barazani watu walisahau kurudi makwao. Wale wa African Sports, watani wao wa mjini, walikuwa wanakunywa kimya kimya, kahawa inawazidia uchungu. Babu yako hakuwa na timu. Alikuwa na wateja.

Na kahawa yake alikuwa haimwachii mtu. Anaikaanga mwenyewe, anaitwanga mwenyewe, tangawizi anaipima kwa kiganja. Bibi yako mwenyewe alikuwa haruhusiwi kugusa lile kaango. Basi jioni moja makaa ya chini ya dele yakamwagikia mguu. Akalala ndani karibu mwezi mzima, mguu umefungwa matambara, na nyumba ile ilikuwa inakula kwa lile dele. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikaambiwa, haya, kaanga wewe, mdogo wako Hamisi atabeba.

Nikaunguza, bila shaka. Kahawa inakudanganya: unaitazama ni ya kahawia tu, unageuka kuchukua mwiko, ukirudi imeshakuwa makaa. Nikaona hasara kuitupa. Nikaitwanga, nikazidisha tangawizi kufunika harufu, Hamisi akabeba. Alirudi isha dele bado zito. Wazee wamesema kahawa ina ladha ya jivu, mmoja ametema mbele yake. Nikalia, sikufichi.

"Lakini kuna mmoja kanywa vikombe vinne," Hamisi akasema. "Kijana wa bandarini. Kasema ahsante."

Usiku ule nilimfikiria mtu huyo bila kumjua. Nilimwona muungwana, mtu anayekunywa jivu ili binti wa watu asivunjike moyo. Ukweli nilikuja kuujua baadaye, na ni mdogo mno kuliko nilivyouota: alikuwa hajawahi kuonja kahawa maishani mwake. Alidhani ndivyo inavyokuwa!

Usishangae. Baba yako ni mtoto wa Machame, kule Kilimanjaro, kazaliwa katikati ya mibuni, lakini kwao kahawa haikuwa kitu cha kunywa. Ilikuwa ada ya shule, bati la nyumba, shuka la bibi. Unaichuma ikiwa nyekundu, unaimenya kwa mashine ya mkono, unailoweka, unaiosha, unaianika kichanjani, unaipeleka kwenye chama cha ushirika, basi, habari yake imekwisha. Nyumbani mnakunywa chai. Hapa Tanga alikuja kuwa karani wa bandari, kazi yake kuhesabu magunia yanayoshuka kwenye treni na kupakiwa kwenye matishali kwenda kwenye meli, maana meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali. Mengi yalikuwa magunia ya kahawa ya kwao, kilo 60 kila moja, yanakwenda Ujerumani, yanakwenda Japani. Jioni hana mtu mjini, anapita barazani. Na barazani ukikaa bila kikombe unaonekana umekuja kusikiliza mambo ya watu.

Akaendelea kuja, vikombe vinne, siku nyingine vitano. Mkono wangu ulikuwa umeanza kunyooka, wazee wanarudi mmoja mmoja. Hamisi, ambaye kwa pipi mbili angeuza hata nyumba, akamweleza kila kitu: anayekaanga ni dada, amelia, anasema buni za sokoni ni mbovu. Hilo la buni nilikuwa nimelisema kujitetea tu. Wiki tatu baadaye Hamisi akarudi na furushi la kitambaa. "Kasema ni za kwao. Mama yake kazileta."

Nikafungua. Punje safi, nyeupe nyeupe kama zimevaa karatasi. Nikasema hizi ndizo kahawa za Wazungu hizi, nikazimimina kaangoni zote.

Hakuna aliyeniambia kwamba lile karatasi ni ganda, na kwamba kahawa haikaangwi na ganda lake. Kwanza zikarukaruka. Halafu maganda yakashika moto, moshi mweupe ukajaa ukumbini, ukatoka madirishani, jirani wakaja mbio na ndoo za maji wakipiga kelele nyumba inaungua. Bibi yako anaita Mola wake. Babu yako akatoka chumbani kwa mguu mmoja, ameshika ukuta, akatazama kaango, akaokota punje moja iliyonusurika. Akaigeuza. Akanitazama.

"Hizi zimetoka wapi?"

Unajua miaka ile kahawa ya mkulima ilikuwa haiuzwi ovyo, inapita kwenye chama. Na mzee akasikia "bandarini". Akaona mwizi wa magunia ameingia nyumbani kwake, tena kwa mlango wa binti yake. Akamtuma Hamisi: kamwambie huyo kijana, kesho baada ya alasiri aje anieleze.

Akaja. Shati jeupe, limepigwa pasi, jasho limeshamlowesha mgongo. Mimi nipo nyuma ya pazia na bibi yako amenishika mkono kana kwamba nitaruka. Akasalimia shikamoo, akaketi kwenye ncha ya kiti. Babu yako akamwekea mbele zile punje chache zilizobaki kwenye kitambaa. Akaulizwa jina. Alipolisema, mzee akasita.

"Mchagga Mwislamu?"

"Tupo wengi, mzee. Machame tuna misikiti."

Babu yako akaguna. Akauliza za kahawa. Kijana akaeleza kwamba si za bandari, za bandari zimeshakobolewa kiwandani Moshi na hazina ganda. Hizi zina ganda kwa sababu zimetoka nyumbani, kwenye mibuni ya mama yake migomba ilipo. Mzee hakuonyesha kama amesadiki au la. Kijana akaomba kinu.

Basi hiyo ndiyo picha niliyo nayo ya baba yako, Zuhura. Zipo zile za harusi, lakini hii siyo ya karatasi. Amekunja mikono ya shati, ameshika mchi mrefu kwa vidole, anautua tu, hatwangi, kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Sauti ilikuwa kavu, cha, cha, cha. Akainama, akachota, akanusa, akaendelea. Kisha akaomba ungo.

"Mwanamume anapepeta?" bibi yako akaninong'oneza.

Hakuwa anajua kupepeta. Alirusha, upepo ukageuka, maganda yote yakamrudia: kwenye nywele, kwenye kope, kwenye lile shati la pasi. Na punje nzuri zikawa zinaruka chini, kuku wanazikimbilia. Babu yako, ambaye tangu aungue alikuwa hajacheka, akacheka mpaka akashika mguu wake. Nami sijui kilichonisukuma. Nikatoka nyuma ya pazia, nikaunyoosha mkono.

"Nipe," nikasema.

Ndilo neno langu la kwanza kwa baba yako. Akanipa ungo. Nikapepeta, kahawa ikabaki ya kijani kibichi iliyopauka, safi, viganja viwili hivi. Hakuna aliyeniambia rudi ndani.

Ya posa nitayapitia haraka kwa sababu unayajua. Wazee wao walitoka Machame, gari likawaharibikia Mombo, wakafika usiku badala ya mchana, mashangazi zangu wamekasirika. Mkubwa wao akatoa jani refu la kijani akampa bibi yako kwa mikono miwili. Bibi yako akalitia kwenye glasi ya maji kama ua. Ilibidi aelezwe kwamba hilo ni sale, mtu akikupa sale amekuomba msamaha. Akalitoa kwenye glasi, akajifuta mikono, akasema wamesamehewa.

Kila asubuhi nilimpikia mume wangu kahawa, binti wa muuza kahawa ampe nini kingine? Akanywa. Miaka hiyo yote alikuwa halali sawasawa, nami nikidhani ni mawazo ya kazi. Ilikuwa 1991, wewe upo tumboni, mimi harufu ya kahawa inanichefua, nikamwomba asamehe nisiipike kwa muda. Akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. Ndipo akasema yote. Kwamba tangu kikombe cha kwanza pale barazani moyo unamwenda mbio, mikono inamtetemeka, usiku anahesabu boriti. Alidhani ndiyo mapenzi yenyewe. Baada ya ndoa akaona moyo bado unakwenda mbio, lakini ni asubuhi tu, baada ya kikombe.

Niligomba, mwanangu. Siku mbili sikusema naye. Kisa si kahawa. Kisa ni kwamba alinidanganya kila asubuhi kwa uso wa furaha. Nikamwapisha: tangu leo, kama hukitaki, kisogeze. Usininywee kitu kwa kunifurahisha, mimi wala watoto wangu.

Kwa hiyo alichokufanyia Arusha nimemfundisha mimi.

Na kuna jambo hakukwambia. Aliporudi alikaa uani, akanieleza kwamba ulipokwenda kuhudumia wateja alifungua lile gunia lako la nyuma ya kaunta, akatia mkono, akanusa. "Zimeoshwa vizuri," akasema. "Hazina hata moja iliyooza." Alilirudia hilo wakati wa kula.

Dele la babu yako nimelifunga kwenye kanga, nitalipakia kwenye basi la Jumatano. Lisugue kwa ndimu na majivu, usitie sabuni ya unga, itaua rangi ya shaba. Na baba yako akija tena mpe chai ya tangawizi, isiwe na sukari nyingi. Usimwambie nimekuandikia.

Mama yako